Mkono wa Kushoto

Masweta yote aliyofuma mama yangu,
mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole viwili.
Uwemba nzima ilijua. Shuleni walituita
watoto wa Otilia, wenye mkono wa kuombea,
nasi tukaukunja, tukaushikiza kwa pini,
maana baridi ya Njombe mwezi wa saba haina utani:
alfajiri majani ya viazi yameungua kwa jalidi,
maji ya ndoo yamevaa kioo.

Hakuwa na futi. Alipima kwa rozari.
Salamu Maria moja, kitanzi kimoja;
kumi zikitimia, Atukuzwe Baba, anageuza sindano.
Mgongo ulikuwa matendo ya furaha,
kifua matendo ya utukufu,
na mikono, alisema, ni ya uchungu,
kwa sababu mikono ndiyo inayochoka.
Wa kushoto ulikuwa wa mwisho, wa usiku.
Anasinzia kati ya taji la miiba na msalaba,
anaamka, hakumbuki alifika wapi,
anarudia kumi zote.
"Bora nimzidishie Mungu kuliko nimpunje."

Msiniulize kama alikuwa mtakatifu.
Aligombana na Mama Mwalongo miaka kumi na mitatu
kwa mpaka wa hatua moja, mahali pasipoota hata pareto,
na kila Jumamosi akaipeleka dhambi ileile kitubioni,
mpaka padre mzee akamwambia, Otilia,
niletee nyingine, hii nimeizoea.
Alificha sukari. Alituchapa kwa ufito wa muwati.
Zaka alilipa kwa debe la viazi,
vikubwa juu.

Na kila mwaka alifuma moja ambalo hakumvisha mtu.
La kijani, kola ya duara.
Lilikuwa la kaka yangu Gaudensi,
aliyekwenda Chunya kwenye dhahabu akiwa na miaka kumi na mitano,
akatuma barua mbili,
kisha kimya.
Kipimo hakikubadilika. Mwaka wa kumi, wa ishirini,
mabega yaleyale ya mvulana,
kana kwamba huko machimboni watu hawakui.
Nilimwambia, "Mama, Gaudensi sasa ni mtu mzima."
Akakata uzi kwa meno.
"Wewe umemwona?"
Sikuwa nimemwona.

Wajukuu walipotetemeka aliwafumia mengine;
yale ya kijani hayakuguswa.
Jicho la kulia likaingia ukungu, kisha la kushoto,
akafuma kwa kupapasa,
na mimi, Mungu anisamehe, niliona aibu
kumvalisha binti yangu kazi ya gizani
siku ya Komunio yake ya kwanza.
Nilinunua la dukani. Mama aliligusa, akasema,
"Mikono yake iko sawasawa,"
kama anayesifia kitu cha watu wengine.

Tulimzika Alhamisi.
WAWATA walivaa vitenge vyao juu ya makoti,
mawingu yakashuka mpaka kwenye vichwa vya misalaba.
Mama Mwalongo alilia kuliko sisi wa tumboni:
sasa nitagombana na nani?
Tulipofika kwenye Raha ya milele
nikaona nje ya uzio mwanamume mwenye mvi kidevuni,
kofia mkononi, hathubutu kuingia.
Koti lake lilimtosha vizuri,
lakini mkono wa kushoto alikuwa ameukunja
kwa vidole viwili.

"Kamwene," akasema, kama mtu aliyetoka gulioni.

Nyumbani nilimfungulia sanduku.
Ishirini na mawili, harufu ya moshi na nondo.
Alijaribu la juu; likamkwama mabegani,
akabaki humo ndani muda mrefu, kichwa hakionekani,
nami sikumsaidia kulivua.
Baadaye akaketi kitandani kwa mama,
akalilaza magotini, akaanza kupitisha kidole
kitanzi kwa kitanzi, midomo ikicheza.
Alipofika mkono wa kushoto
hesabu ikampotea.
Akaanza upya.

Jikoni walituita, ugali unapoa.
Hatukwenda.